Vitobwe

Mimi mshona kofia, wa Jadida, Wete.
Sindano ndiyo iliyonijengea jiko,
ndiyo iliyomnunulia Thureya sare ya skuli.
Kidole changu cha shahada kina ngozi ya kisigino;
nimekidunga mara nisizozihesabu,
na kila mara nilinyonya tone la damu
nikaendelea na ua.

Basi niambie kwa nini leo,
kwenye benchi la kituo, na tumbo la miezi mitano,
kadi ya kliniki imelowa jasho mkononi mwangu.
Nimetafuna karafuu tatu tangu nyumbani.
Karafuu hutia ganzi jino, nikadhani
labda ganzi itashuka mpaka begani.

Najua ilipoanzia.
Mama alikuwa na fimbo mbili,
moja ya mpera, moja ya maneno:
"Ukilia tena namwita daktari akupige sindano."
Ile ya mpera haikunigusa hata siku moja.
Ile ya maneno ingali inanipiga,
na mama keshazikwa.

Na lugha yetu nayo, hebu isikilize:
sindano tunapigwa, tunachomwa, tunadungwa.
Mtu anakwenda kutafuta uzima
kwa vitenzi vya ugomvi.

Nesi Ruzuna hana vitenzi hivyo.
"Nakupa," husema, kama anayemimina chai.

Mbele yangu Makame mchinjaji, bega kama mlango,
msumari umemwingia unyayoni.
Kila Ijumaa huangusha ng'ombe wawili,
leo midomo imemkauka, macho yanamzunguka.
Wanawake wakaanza kuchekelea.
Nesi hakucheka.
"Lala. Kaza mapaja. Legeza. Kaza tena,
damu ikumbuke njia ya kichwani.
Sasa kohoa mara moja tu, bwana Makame."
Akakohoa.
"Haya, inuka taratibu."
"Na sindano?"
"Ilipita na kikohozi."

Mtoto wa Bikombo alipewa yake akiwa ziwani.
Akaachia, akalia kama aliyeibiwa,
akakumbuka maziwa.

Ikafika zamu yetu, maana Thureya naye ana chanjo yake.
"Itauma?" akauliza,
nami tayari nimefungua mdomo na uongo wa mama wote,
haiumi, mwanangu, haiumi hata kidogo.
Nesi akaniwahi:
"Itauma kidogo. Hesabu mpaka tano, itakuwa imepita.
Unataka mkono upi?"

Mkono upi.
Miaka thelathini na moja nimeishi na mikono hii
na hakuna aliyeniuliza.

"Aanze mama," akasema Thureya,
akatia mkono mkobani mwangu, akatoa kofia ya nusu,
akaniwekea mapajani.
"Usitazame kule. Hesabu vitobwe."

Moja. Mbili. Tatu, hiki nilikitoboa jana taa ikififia.
Nne, kimepinda.
Kwenye tano kitu kikanigusa begani,
ukali wa sungusungu, si zaidi.
Sita.
Nilipofika saba bomba lilikwisha kuingia
kwenye boksi lake la njano,
na mimi bado namtafuta wa nane.

Thureya alichagua kushoto.
Akakaa mapajani kwangu, shavu kifuani, bega wazi.
Kwenye tatu alilia. Simfichi, alilia kweli.
Kwenye tano akanyamaza, akamgeukia nesi
kwa sauti ya nusu lawama, nusu shukrani:
"Umesema kweli."

Usiku nikarudi kwenye kofia yangu.
Watu hudhani vitobwe ni pambo.
Vitobwe ni vya upepo,
kichwa kisichemke juani.
Sikumwambia mtu, nilicheka peke yangu na uzi mdomoni,
bega likinivuta kidogo kila nilipopitisha sindano.

Na pembeni, juu ya mkeka,
mwanasesere wa matambara
alipewa sindano kumi na mbili kwa njiti ya kibiriti.
Kila mara, kabla, aliulizwa:
mkono upi?